Ngozi ya Otmari Kikoti

Kassian Gama aliingia maabarani kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi bila kubisha hodi, na sikushangaa, maana Mngoni kwa Mhehe habishi hodi. Nilikuwa nimeinamia mashine ya kusoma damu, na kabla sijageuka nilishaijua sauti. Akaniuliza kama nimeshakunywa supu ya mbwa asubuhi hii au anitafutie. Vijana wawili aliokuja nao, wenye makoti meupe ya kampuni ya Utuvu, wakacheka kwa adabu. Zamani ningemrudishia hapo hapo. Ningemwambia babu zake walikuja kutoka kusini wakikimbia mpaka wakaishiwa pumzi, wakaomba maji kwetu, na kikombe hawajarudisha mpaka leo. Safari hii nilimaliza sampuli yangu, nikaandika majibu, nikavua glavu.

"Mateka wangu umenuna," akasema.

Ndiyo, nilikuwa nimenuna. Nimenuna miaka thelathini na mmoja. Shida ni kwamba kwa mila zetu siruhusiwi. Wangoni na Wahehe walipigana, wakachoka, wakawa watani, na mtani anaweza kukukejeli mbele ya wakwe zako, akaondoka na jogoo wako, akaja kwenye msiba wako akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea akilewa. Ukikasirika, kosa ni lako. Watu wote watakugeukia wewe, watasema huyu vipi, hajui utani. Mimi nina maoni yangu kuhusu jambo hilo. Nadhani aliyeamua kwamba kuna watu hawakasirikiwi alikuwa na kitu anakitaka.

Gama sasa ana miaka sitini na sita. Anavaa kofia ya pama na hutembea na mkoba wa ngozi ambao kishikio chake kimeshonwa mara mbili. Kwenye kitambulisho cha Utuvu ameandikwa Afisa Mila. Nyie mnaokaa mbali na huku huenda hamjui Afisa Mila ni nini, basi niwaambie: ni mtu anayelipwa kwenda misibani. Utuvu wanao kumi na mmoja nchi nzima. Wanaye Mnyamwezi wa kwenda kwa Wazaramo, wanaye Mngoni wa kuja kwetu, na wengine wa makabila mengine, kila mmoja na watani wake. Wa kwanza kabisa alikuwa Gama, na msiba wa kwanza ulikuwa wa baba yangu.

Akaketi bila kukaribishwa, akaeleza alichotumwa. Seli za baba zimechoka. Zimegawanyika kwa miaka thelathini na mmoja ndani ya mapipa ya chuma pale Utuvu, na tangu mwaka jana zinazotoka ni mbovu. Wametafuta mtu mwingine mwenye jeni kama yake nchi nzima, wamepima hadi watu wa mbali, hawakupata. Kaka yangu alifariki bila mtoto. Nimebaki mimi. Wanaomba kipande cha ngozi yangu, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, basi. Kijana mmoja akaweka kasha la baridi juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu za kazi, kana kwamba nimeshakubali.

Nikamwambia aliondoe. Akaliondoa.

"Dawa iliyobaki ni ya wiki nane," Gama akasema, na sasa hakuwa anatania. "Unajua mwenyewe, Emerensiana. Wewe ndiye unayewapima."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

*

Kazi yangu katika hospitali hii ya Lukosi Mpya ni kupima watoto wa kelele. Ugonjwa wenyewe una jina refu la kitabibu lakini hakuna mzazi anayelitumia. Tangu viwanda vya betri vilipojengwa bondeni, watoto wa aina hiyo wamekuwa wakizaliwa kila mwaka, na sasa nchi nzima wako elfu tatu na mia nne.

Mzazi mgeni akija na mtoto wake huwa namweleza hivi. Seli ina milango. Mlangoni unafika ujumbe: kua, gawanyika, ziba kidonda hiki. Ujumbe ukishapokelewa, unapokezwa ndani mkono kwa mkono hadi kwenye kiini, na seli inatii. Sasa njiani kuna protini moja ambayo kazi yake ni kusema imetosha. Inaukamata ujumbe na kuuzima, seli inapumzika. Jeni inayobeba maelezo ya kuitengeneza protini hiyo tunaiita Nyamaza, na protini yenyewe tunaiita hivyo hivyo. Watoto wa kelele jeni yao imeharibika pande zote mbili, ya baba na ya mama. Ujumbe ukiingia hauzimwi. Mtoto akijikwaruza, kovu linaota, linaendelea kuota, na halikomi mpaka limfikie shingoni au kwenye pafu. Bila sindano hawafiki miaka kumi.

Sindano ni Nyamaza yenyewe, inayotoka kwenye seli za baba yangu. Ukoo wetu tuna Nyamaza kali. Herufi moja tu katika jeni imebadilika, na protini yetu inazima ujumbe kwa nguvu kuliko ya watu wengine. Faida yake hatuoti uvimbe wa aina yoyote. Hasara yake kidonda chetu kinachukua miezi miwili kupona. Utuvu wamejaribu kuiandika jeni yetu kwenye seli za watu wengine, za panya, hata za hamira. Inaandikika, lakini protini inatoka imejikunja vibaya, haishiki kitu. Kuna kitu kingine katika mwili wetu kinachoikunja vizuri na hawajakijua ni nini. Kwa hiyo wanahitaji ngozi ya mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu yuko hai mmoja.

Mfu asingewasumbua hivi. Aliye hai anapaswa kusaini, na sheria ni kali. Wafu ndio hawana wa kuwasemea.

Kwenye mkoba Gama alikuwa na karatasi za kusaini, kurasa sita. Alitegemea nitasaini juu juu, kwa kuwa watu wengi hawasomi. Mimi husoma hata maandishi ya kwenye kiberiti. Aya ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa sawa. Aya ya nne ilisema kwamba mimi, Emerensiana Kikoti, nathibitisha kuwa Ridhaa ya Kimila iliyotolewa kwenye msiba wa Otmari Kikoti ilikuwa halali, pamoja na nyingine zote za aina hiyo zilizofuata.

Zilizofuata ni mia mbili na kumi na mbili. Familia mia mbili na kumi na mbili ambazo zilizika watu wao huku mtani wa kuajiriwa amechukua ngozi, au jicho, au uboho wa mfupa, kila mmoja kwa ajili ya dawa fulani. Hizo familia ziko mahakamani Dodoma, na kesi inasikilizwa baada ya wiki tatu. Shahidi wao mkuu ni mimi, maana mimi nilikuwepo siku jambo hili lilipoanza. Nikisaini aya ya nne, kesi imekufa. Nisiposaini, sindano zinaisha.

Nikamwambia Gama aifute aya hiyo, nitawapa ngozi sasa hivi, hapa hapa, na kisu ninacho. Akasema si yeye aliyeiandika. Nikamwambia ampigie aliyeiandika. Akampigia Wakili Pendaeli Mmbaga wa Utuvu, akaweka sauti ili nisikie. Wakili alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya familia, kisha akasema bila aya ya nne kampuni haitaweza kuwasha mapipa mapya, kwa kuwa bodi haiwezi kuwekeza wakati msingi wa kisheria unatikisika. Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayeeleza ratiba ya mabasi.

Nilimuuliza kama anaelewa alichosema. Kwamba wako tayari watoto elfu tatu na mia nne wafe kuliko kukiri kuwa walimdanganya mjane. Akasema uamuzi huo ni wangu, si wao. Nikakata simu ya mtu mwingine bila kumwomba ruhusa.

*

Lazima niseme na yangu, kwa sababu hasira yangu si ya Gama peke yake.

Baba alikuwa mpasua mbao Itungwa, kule milimani. Mikono yake haikuwahi kuwa mizima. Kila mara kuna kidonda, na kila kidonda kinachukua miezi, lakini hakikuacha kovu la kunyanyuka hata siku moja. Wataalamu waliokuwa wakizunguka na gari la kliniki walimpima wakati wa uhai wake, wakaona walichokiona, wakamwomba ngozi. Akakataa. Alisema mwili wake ana kazi nao. Katika gari hilo Gama alikuwa karani.

Alifariki alfajiri, tukamzika saa tisa alasiri siku hiyo hiyo. Gama alifika na Wangoni wenzake watatu, na kama kawaida ya watani wakaushika msiba. Walichimba kaburi, walipika, walimkejeli marehemu mpaka mama akacheka akiwa na kanga mdomoni. Jeneza lilipofika kaburini tukamkuta Gama amelala ndani ya kaburi, mikono kifuani, anasema nyumba hii ni nzuri mno kwa Mhehe, hatoki. Mama akampa kuku, akakataa. Akapewa kibuyu cha ulanzi, akanywa na bado hakutoka. Akasema anataka kipande cha mateka wake aende nacho Songea akawaonyeshe watoto. Watu walicheka hadi wakashikana mabega.

Jeneza likafunguliwa. Gama akatoka kaburini, suruali imejaa udongo mwekundu, akatoa kotini mwake kisanduku cha chuma. Humo kulikuwa na kisu kidogo na chupa yenye maji ya rangi ya waridi, ya kutunzia ngozi. Hakuna aliyeshtuka. Mtani msibani anachukua shati, anachukua viatu, anachukua godoro. Mtu anayechukua kipande cha ngozi ni mtani aliyezidisha tu. Akaangaza macho akitafuta wa kumsaidia. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimetoka kumaliza kidato cha nne, nataka kusomea uuguzi, na kila kitu cha kitabibu kilikuwa kinanivutia. Nikajitokeza. Nikaushika mkono wa baba, upande wa ndani juu ya kiwiko, nikaunyoosha.

"Shika vizuri, mateka wangu," akaniambia.

Nikashika vizuri. Nilikuwa nacheka.

Kisha akatoa karatasi, akasema siku hizi hata utani una fomu, na watu wakacheka tena. Ilikuwa imeandikwa Ridhaa ya Kimila. Mahali pa ndugu wa marehemu alisaini yeye mwenyewe, kwa madai kwamba msibani mtani ndiye mwenye mamlaka, na hilo hakuna Mhehe angelipinga. Mahali pa shahidi nilisaini mimi. Nilikuwa nimetunga sahihi yangu ya utu uzima wiki ileile, yenye mkia mrefu, na nilitaka kuitumia. Mkia ule niliuona tena miaka minne baadaye, chuo kilipotupeleka ziara, kwenye ukuta wa Utuvu, ndani ya fremu ya kioo, kama mfano wa ushirikiano kati ya sayansi na utamaduni.

Nililalamika. Niliandika barua kumi na saba. Mara zote nilijibiwa kwamba mila imeheshimiwa, shahidi alikuwa mtu wa familia, na mtani hakasirikiwi. Mama alikufa akiamini kwamba kosa ni lake kwa kuwa alicheka.

*

Jumanne ni siku ya wodi ya saba. Napita kitanda kwa kitanda na trei yangu. Kitanda cha nne ni cha Aldegunda, ana miaka saba, binti wa mtoto wa kwanza wa Gama. Ndiyo, mjukuu wake. Amelazwa hapa miaka miwili na mimi ndiye ninayemtoa damu kila wiki, na nakiri kwamba siku za kwanza nilimwangalia kwa jicho baya. Haikudumu. Mtoto yule ana maneno. Anazijua sindano zote kwa urefu na hunichagulia.

Kovu lake la shingoni lilikuwa limepungua mwaka jana. Jumanne hiyo nililigusa nikaona limekuwa gumu tena, na linapwita. Dawa mbovu za mwaka huu zilikuwa zimeanza kumfikia.

Akanyoosha mkono wake kabla sijamwambia. Akasema, "Bibi, babu ameniambia wewe ndiye utakayenipa dawa nyingine. Amesema umeshakubali."

Nikaweka trei chini. Nilimalizia kazi yangu, nikamfunga pamba, nikamwambia apumzike. Halafu nikaenda chumba cha kufulia mashuka, nikafunga mlango, nikapiga teke kapu la nguo chafu mpaka likapasuka. Hivi mtu anawezaje? Kunichukulia baba, sawa. Kunitumia mikono yangu, sawa. Sasa anamtuma mtoto mgonjwa aje anishike shati. Nikampigia simu hapo hapo nimesimama katikati ya mashuka, nikamweleza yeye ni mtu wa namna gani, na sikutumia neno hata moja la utani. Akasema nimtukane tu, lakini mtoto asife.

Nikamwambia kesho saa nne niko Utuvu. Nitasaini, lakini kwanza nataka kumwona baba yangu. Na yeye awepo, na mkoba wake.

Msiniulize kama nilikuwa na mpango. Sikuwa nao. Nilikuwa na kisu cha kazi ndani ya mfuko safi, nikijua kwamba kufika saa sita ama nitakuwa nimewauza watu mia mbili na kumi na mbili, ama nitakuwa nimemuua Aldegunda. Usiku kucha nilijaribu kuchagua na nikashindwa.

*

Jengo la Utuvu ni la vioo hadi chini. Wakili Pendaeli alinipokea mlangoni, Mpare mmoja mwembamba, mpole, amevaa tai ya kijani. Alinishukuru kwa uamuzi wa busara. Gama alikuwa nyuma yake na macho mekundu. Tukavalishwa makoti na viatu vya plastiki, tukashuka.

Chumba cha mapipa kina baridi na sakafu nyeupe ya vigae. Mapipa ni manane, marefu kunizidi, yanazunguka taratibu na kutoa mlio mdogo. Wahudumu walikuwepo sita hivi, wasichana watatu walikuwa wa kwetu, niliwatambua kwa matamshi. Nilisimama mbele ya pipa la kwanza. Nilitegemea nitalia. Humo ndani kulikuwa na ngozi ya mtu aliyenibeba mgongoni, kilo na kilo, kuliko alivyowahi kuwa na uzito akiwa hai. Kisha nikaona kibandiko. Kilikuwa kimeandikwa GAMA-1.

Nikatazama la pili. GAMA-1. Yote manane.

Nikamuuliza wakili hii ni nini. Akaeleza kwa upole ule ule kwamba ukoo wa seli hupewa jina la aliyezikusanya, na hivyo ndivyo zilivyosajiliwa, na ndiyo maana madai ya familia yangu yamekuwa yakikataliwa. Kwa mujibu wa usajili hakuna Kikoti humu ndani.

"Kwa hiyo huyu si baba yangu," nikasema.

"Kisheria, hapana, mama."

"Ni Gama."

"Ndiyo."

"Na anakufa."

"Seli zinafikia mwisho wake, ndiyo."

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hasira yangu ilikuwa na pa kwenda. Nilivua koti lao nikalitupa. Nikalala chali kwenye vigae, mbele ya mlango wa pekee wa chumba kile, mikono kifuani.

Wasichana wa kwetu walielewa kabla ya mtu yeyote. Mmoja alijiziba mdomo, na wahudumu wakaanza kutoa simu zao. Wakili akadhani nimeanguka, akainama kunishika, nikamwambia aniache, niko msibani. Hapa amekufa Gama, nikasema, ninyi wenyewe mmeandika, na mimi ni Mhehe, mtani wake. Msibani mtani ndiye mwenye mamlaka, hilo nalo mmeliandika, mkalitundika ukutani kwa fremu. Basi sitoki hapa mpaka nipewe ninachotaka.

Akasema nimeelewa vibaya. Nikamwambia Mpare na yeye ana watani wake, asijifanye. Akawaita walinzi. Walikuja wawili, wakanitazama, wakamtazama Gama. Mmoja akasema mtani akilala hivyo hanyanyuliwi, na hakunigusa.

Nikageuza shingo. "Mngoni, fomu unazo?"

Kila mtu alijua kwamba anazo. Alikuwa anatembea nazo miaka thelathini, mkobani, tayari kwa msiba wowote utakaotangazwa. Gama aliushika ule mkoba kwa mikono miwili. Wakili akamwambia asithubutu, kazi yake na pensheni yake viko hapo. Sijui alikuwa anafikiria nini. Alifungua, akatoa fomu moja ya Ridhaa ya Kimila, akapiga goti la kizee pembeni yangu, akanipa na kalamu.

Niliijaza nimelala, karatasi juu ya kifua. Marehemu: Gama-1. Anayesaini kwa niaba ya wafiwa: Emerensiana Kikoti, mtani. Kinachochukuliwa: seli zote, mapipa yote, jina lake, na ridhaa zote mia mbili na kumi na tatu, kuanzia ya Otmari Kikoti. Nikaweka sahihi yangu, ile ile yenye mkia. Nikamrudishia Gama pale pa shahidi. Akasaini.

"Huu ni mzaha," wakili akasema.

"Haya, sema tena kwa sauti. Wale mabinti wanarekodi. Sema kwamba fomu hii, iliyosainiwa na mtani msibani bila wafiwa kuulizwa, shahidi akiwepo, ni mzaha. Nitaipeleka Dodoma na maneno yako. Au sema ni halali, mnifungulie mapipa yangu."

Alikuwa mtu mwenye akili, na nilimwona usoni akitafuta mlango wa tatu na kuukosa. Akatoka nje kupiga simu. Alikaa huko saa mbili na dakika arobaini. Vigae vile vilinitoboa mgongo, na sikuinuka hata kwenda haja. Msichana mmoja alinifunika miguu kwa koti lake. Gama alikaa chini, ameegemea pipa, kofia mapajani. Baada ya muda mrefu akaniambia siku ile kaburini alijua. Baba alikuwa amemkatalia ana kwa ana, ndani ya gari la kliniki, na yeye ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba Mhehe hamkatalii Mngoni akishakufa. Wazo lilikuwa lake.

Aliniuliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia ndiyo, na nitaendelea. Akaitikia kwa kichwa, na akanishukuru.

Wakili alirudi na karatasi mpya. Kurasa zilikuwa tano. Aya ya nne haikuwepo. Ngozi ingekuwa mali ya hospitali, mapipa yangewashwa siku hiyo. Badala yake aliomba fomu yangu. Nilimwambia fomu inakwenda Dodoma na mimi, na kama hataki basi nirudi kulala, mgongo wangu umeshazoea. Alinitazama, akatazama zile simu sita zilizonyooshwa, akaniletea kalamu. Nilisoma kurasa zote tano, mara mbili, huku wamesimama. Kisha nikasaini.

Wakaniletea daktari wao. Nikamkataa. Nilinawa mikono, nikafungua mfuko wangu, nikapaka dawa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Ganzi nayo sikuitaka. Kidonda hiki kingekaa nami miezi miwili na nilitaka kukijua tangu mwanzo. Lakini mkono mmoja haukati na kujishika wakati huo huo. Nikamwita Gama.

Alikuja, akaushika mkono wangu kama nilivyoushika wa baba, akaunyoosha. Hakuna aliyecheka chumba kizima. Nikaweka kisu kwenye ngozi.

"Shika vizuri, mateka wangu," nikamwambia.